Kukinga kwa Kiswahili na Kukinga kwa Kinyambo

Rugera, Jumamosi mchana

Mwanangu Kokugonza,

Wewe na mama yako mmeshapanda pikipiki kwenda Nyakatuntu kumuaga bibi yako, nami nimeachiwa kahawa. Nimeianika tangu asubuhi, na kiti nimekiweka mahali ninapoweza kuona mkeka, kuku na wingu lililosimama upande wa Rwanda. Ukiona mwandiko umeruka, ujue hapo niliinuka kufukuza kuku.

Habari za godoro, ndoo na kufuli la sanduku sitazigusa. Mama yako amekwambia mara nne, na kesho alfajiri kabla ya basi atakwambia ya tano. Mimi nina neno moja tu, neno dogo lililoniponza: kukinga.

Nakuandikia kwa sababu ya kitu ambacho bado hakijatokea. Unakwenda Mwanza kusomea maabara. Siku moja, sijui mwezi wa kwanza au mwaka wa pili, mwalimu ataandika ubaoni somo la kingamwili, kisha atafika kwenye damu ya mama na damu ya mtoto. Nakujua. Utaandika mistari mitatu na kalamu itasimama. Utakumbuka kadi ya kliniki ya mama yako, iliyoandikwa O hasi. Utakumbuka kadi yako ya kuchangia damu, uliyokuja nayo nyumbani kidato cha sita huku unairusharusha: "Baba, mimi O chanya, kama wewe!" Halafu utamkumbuka mdogo wako Mugisha. Utaunganisha mambo hayo peke yako, dawatini, mbali na nyumbani, na nina hofu utapata nusu ya jibu. Nusu hiyo itakuambia kwamba chanzo kilikuwa ni wewe. Ndiyo maana nataka ulipate jibu lote, na ulipate kwangu kabla ya kulipata kwenye kitabu.

Ulipozaliwa nilikuwa katibu wa chama chetu cha msingi cha kahawa, na nilikuwa na kiburi cha Kiswahili. Usicheke. Nusu ya kijiji walikuwa wananiletea barua zao niwasomee na kuwajibia. Mzee akipata wito wa baraza la ardhi, anakuja kwangu. Nilikuwa nasema "kwa mujibu wa" hata ninapoomba chumvi. Mama yako alikuwa akinitania kwamba siku nikifa nitamsalimu Mungu kwa kumbukumbu namba.

Uchungu wako ulimshika mama yako siku mbili. Ulipotoka salama, tukakuangalia vidole vyote, nikaenda nje ya wodi nikalia kidogo nyuma ya tangi la maji, nikanawa uso, nikarudi nikiwa mwanamume. Asubuhi yake akaja nesi mmoja, mwenyeji wa Tanga, Kiswahili chake kinateleza kama mafuta. Akasema:

"Hongera, baba. Sasa, mama ni hasi na mtoto ni chanya. Kuna sindano mama anatakiwa apate ndani ya siku tatu. Ni ya kumkinga mtoto ajaye."

Wewe unajua tunavyosema hapa nyumbani kila jioni. Koku, kinga orwigi. Koku, funga mlango. Kukinga kwetu ni kufunga. Na kwa Kiswahili nilijua vizuri kabisa kwamba kukinga ni kuzuia mabaya yasimfikie mtu. Nilishaliandika neno hilo mara nyingi kwenye barua za kuomba dawa za mibuni. Lakini siku ile sikuwa nimelala, na masikio yangu yalikuwa yamechoka, yakasikia kwa Kinyambo. Kumfungia mlango mtoto ajaye. Tena zilikuwepo hadithi za vijiweni kwamba wanawake wanachomwa sindano wakijifungua ili wasizae tena. Hadithi ikakutana na neno, nikapandisha hasira.

Nikasema, "Mke wangu hafungwi."

Nesi akashangaa. "Nani kasema kufungwa, baba?"

"Usinifundishe Kiswahili," nikamwambia. Mimi, mtu wa Rugera, nikamwambia hivyo mtu wa Tanga.

Alijaribu tena. Sikumpa nafasi. Akaleta karatasi ya kukataa huduma, nikaisaini kwa ule mwandiko wangu mzuri, nikatafuta usafiri, nikawachukua nyote wawili. Mama yako alikuwa kitandani, macho ameyafumba. Sikumuuliza. Mwili ulikuwa wake, sindano ilikuwa yake, na mimi sikumuuliza hata kwa neno moja.

Nimeinuka. Yule jogoo mwekundu ameshajua kwamba mwenye kuandika hana mbio.

Sasa yale ambayo wewe unayajua kuliko mimi, lakini nataka uyasikie kwa mdomo wangu, ili uone kwamba nimejifunza. Mengi umenifundisha mwenyewe. Unakumbuka likizo ile ulipokuwa unajisomea jikoni, ukachora kwa kijiti kwenye majivu ili ukariri? Ulichora herufi Y. Nikakwambia, mbona hiyo ni nguzo ya panda tunayotegemezea mgomba wenye mkungu mzito? Ukacheka, ukasema basi baba, leo umejua kingamwili.

Ukanieleza. Kingamwili ni protini ndogo mno, inaelea kwenye damu, na ina umbo hilo la panda. Ncha zake mbili za juu ndizo zinazoshika. Kila kingamwili ncha zake zimetengenezwa kwa kitu kimoja tu: inayoshika surua haishiki pepopunda, na inayoshika pepopunda haina habari na surua. Mguu wake wa chini haushiki mgeni. Mguu unaziita chembe nyeupe, unaziambia hiki hapa, njooni mmeze. Nikakuuliza mwili unajuaje kutengeneza ncha za kitu usichowahi kukiona. Ukasema mwili huwa tayari una chembe za kila namna, kila moja na ncha zake. Mgeni akiingia, ile inayomfaa ndiyo inayozaana, na inaendelea kunoa ncha zake. Mara ya kwanza mwili unachelewa. Lakini ukishajifunza unaweka kumbukumbu, na mgeni yuleyule akirudi anakutana na jeshi.

Niliitikia tu, nikasukuma kuni. Hukujua kwamba nilikuwa nasikiliza habari za mwanangu.

Maana ni hivi. Watu wengi chembe zao nyekundu za damu zina kitu juu yake ambacho wataalamu wanakiita D. Mwenye nacho huandikwa chanya, asiye nacho hasi. Mama yako hana. Mimi ninacho, na wewe ulikirithi kwangu. Ulipokuwa tumboni hamkuwa na ugomvi, kwa sababu damu ya mama na ya mtoto haziko kwenye mfereji mmoja. Siku ya kuzaliwa ndipo matone yako yanapoweza kupita kwake. Mwili wake ukayaona matone hayo, ukaona kitu kigeni, ukaanza kutengeneza kingamwili za kukishika. Taratibu, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza. Wewe ulikuwa umeshatoka, unanyonya, huna habari.

Na sindano niliyoikataa, Koku, ilikuwa kingamwili zenyewe. Hapo ndipo ninapojipiga paji la uso hadi leo. Zimetolewa kwenye damu ya watu wengine, zimesafishwa, zinaingizwa kwa mama ili zipite zikikamata matone ya mtoto na kuyaondoa mapema, kabla mwili wa mama haujayajua. Hazikuwa za kufunga kitu. Zilikuwa za kumwachia mlango wazi mtoto wa pili.

Mugisha alikuja ulipokuwa na miaka miwili na ushee. Humkumbuki, ingawa unasema unakumbuka blanketi. Nakuamini. Lilikuwa la rangi ya kijani. Alizaliwa mweupe wa kukosa damu, na kufikia jioni macho yake na ngozi vikawa vya manjano kama ndizi iliyoiva. Kingamwili za mama yako zilikuwa zimepita kwenye kondo, zikamfikia, zikamshika chembe zake nyekundu moja baada ya nyingine. Zilifanya kazi yake kwa uaminifu. Hakuna aliyeziambia kwamba huyu ni mtoto. Siku ya tatu akafariki. Tulimzika pale karibu na mibuni ya zamani, ambapo nakataza watu wasipitishe baiskeli.

Daktari aliniita koridoni akanieleza polepole. Akaniuliza kama baada ya mtoto wa kwanza mama alichomwa sindano. Nikasema sikumbuki.

Hilo ndilo kosa la pili, na kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nilikosea neno. La pili nilijua kila neno, nikanyamaza.

Bibi yako mzaa baba, Mungu amrehemu, alikupenda sana, na hilo ubaki nalo. Lakini tulipokosa mtoto mwingine baada ya Mugisha, alimsumbua mama yako. Alisema tumbo lake lina kitu. Alimleta mganga, akamletea mizizi, akanitafutia hata binti wa kuongeza. Mimi nilikataa kuongeza mke, na kwa kukataa huko nikasifiwa. Mchungaji alinitaja kanisani kama mfano wa mume Mkristo anayesimama na mke asiyebahatika. Nilisimama pale na tai yangu, nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu. Mama yako alikuwa amekaa upande wa akina mama, umemlalia mapajani. Neno moja lingemtoa aibu ile. Sikulisema, nikawa mzee wa kanisa.

Kwa hiyo ukisikia watu wanamsifu baba yako kwa kutulia na mke mmoja, wewe tabasamu tu.

Wingu limegeuka, linaelekea Kyerwa. Labda mtalowa ninyi badala ya kahawa yangu. Nimejimiminia uji, naendelea.

Alhamisi hii nilimwambia mama yako. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa mbali, kwa mujibu wa kawaida yangu, lakini alikuwa anamenya ndizi na alikuwa na haraka. Nikasema yote kwa mara moja: sindano, neno, karatasi, daktari, koridoni. Hakuacha kumenya.

"Baba Koku," akasema, "unadhani daktari alikueleza wewe peke yako? Ulipokuwa koridoni nesi alikuwa kwangu. Yule mama wa Nyakahanga. Alinieleza kwa Kinyambo, nikaelewa vizuri kuliko wewe."

Nikakaa chini. Nikamuuliza mbona alinyamaza miaka yote hiyo, na mama yangu anamsema.

"Kwa sababu siku ile ya kwanza hata mimi nilisikia kufunga," akasema. "Nilikuwa nimefumba macho lakini sikuwa nimelala. Nilisikia ukigombana na yule nesi, nikasema moyoni, afadhali huyu mwanamume ananitetea. Nilifurahi, Baba Koku. Sasa ningekulaumu vipi kwa kitu nilichokifurahia?"

Nikamwambia basi angesema hata kwangu. Akatupa ganda.

"Nilikuwa nangoja wewe uanze. Mwenye kusaini ni wewe. Umechelewa, lakini umefika. Sasa nipe hilo sufuria."

Tukalia, tukacheka, ndizi zikaungua kidogo. Wewe ulipokuja kula ukauliza mbona chakula kina moshi, tukatazamana. Ndiyo sababu yake.

Sijui kama unaweza kuelewa nilivyo leo. Nimekaa hapa nina amani ambayo sikuitegemea. Miaka yote tulilala kitanda kimoja, kila mmoja na kilio chake kilekile, tukifichana. Jana jioni tulikwenda pamoja pale kwenye mibuni ya zamani, tukang'oa magugu. Mama yako alisema Mugisha angekuwa na ndevu sasa, nami nikasema zisingekuwa nyingi, kwa ukoo wetu. Ilitosha.

Sasa nisikilize kwa makini, maana barua yote nimeiandika kwa ajili ya mistari hii. Damu iliyomfundisha mama yako ilikuwa yako. Hiyo ni kweli, kitabu kitakuambia, nami sitakudanganya. Lakini wewe ulichofanya ni kuzaliwa. Kila mtoto chanya wa mama hasi anaweza kuacha matone, ndiyo maana watu wenye akili wakatengeneza sindano. Sindano ilikuwepo, nesi alikuwepo, siku tatu zilikuwepo. Kilichokosekana ni mwanamume wa kuuliza, "Samahani sista, umesema kukinga kwa maana gani?" Kosa lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Usiniibie hata kidogo. Ukijikuta usiku unaligawa, unajitwika kipande, kirudishe Rugera. Mimi nimeshalizoea, na tangu Alhamisi limekuwa jepesi.

Tena kuna jambo kitabu hakitakuambia. Kingamwili za mama yako hazikumfikia Mugisha peke yake. Wewe ulipokuwa na miezi minne surua iliingia hapa, ikawashika watoto nyumba kwa nyumba, mpaka yule wa jirani mliyekuwa mnalazwa naye mkeka mmoja. Wewe hukuwa umefikia umri wa chanjo. Tulikaa tukikugusa paji la uso kila saa. Haikukupata. Mama yako aliugua surua utotoni kule Nyakatuntu, mwili wake ukaweka kumbukumbu, na ulipokuwa tumboni alikupa kingamwili zake kupitia kondo, njia ileile. Hakujua kama anatoa. Nawe hukujua kama unapokea. Nikifikiria hilo naona mwili wa mama yako haukuwahi kuwa na kile kitu kibaya alichodai mama yangu. Ulikuwa unajua kulinda kuliko miili yetu sote, na kuna mahali tu ulihitaji kuelezwa, nami nikamfukuza aliyekuja kueleza.

Wewe ni chanya, kwa hiyo jambo hili halitakukuta kwa watoto wako. Lakini litapita mikononi mwako. Utakuwa na koti jeupe, utaangalia tone la damu ya mama fulani, utaandika hasi kwenye karatasi, na karatasi itakwenda wodini. Na nje ya wodi atakuwepo baba mmoja aliyesimama na kisirani, shati amelichomekea, Kiswahili chake cha barua, anajifanya ameelewa kila kitu. Utamtambua, umekaa naye miaka yote hii. Usimwache aondoke na hasira yake. Mwambie kwa heshima, "Shikamoo taata. Umesikiaje?" Usimuulize kama ameelewa, atakuambia ndiyo. Muulize amesikiaje, halafu umngojee aseme.

Kuna kifurushi kidogo cha kahawa ya kutafuna nimekifunga kwenye jani la mgomba, nimekiweka juu ya nguo zako. Ni ya ile mibuni ya zamani. Ukiwapa wenzako, waambie imetoka kwa mdogo wako. Kwenye fomu yako ya chuo palikuwa na mahali pa kujaza idadi ya watoto wa familia. Miaka yote nilikuwa naandika mmoja. Safari hii nimeandika wawili, wa pili marehemu, kwa ule mwandiko wangu mzuri.

Nasikia pikipiki inapanda kilima, na sauti ya mama yako akimgombeza dereva apunguze mwendo. Hamjalowa. Kahawa nayo haijalowa. Nitakupa barua hii kesho mkononi, basi likiwa limeshawasha injini, maana nakujua, ungeisoma mbele yangu na mimi sitaki kuonekana uso.

Nakinga barua hapa. Nakinga kwa Kinyambo, na nakinga kwa Kiswahili.

Baba yako